Uvimbe wa mafuta ndani ya neva ya mkono: Kwa nini kisu kisitangulie uchunguzi

Na Mwandishi Wetu

MARA nyingi mzazi huuona kwa mara ya kwanza anapomwogesha mtoto. Upande wa kiganja, karibu na kifundo cha mkono au chini ya dole gumba, pana mwinuko laini unaobonyea na usiouma. Mtoto anakua, na mwinuko nao unakua pamoja naye. Wakati mwingine kidole cha shahada au cha kati huonekana kinene na kirefu kuliko mwenzake wa mkono wa pili. Hata hivyo mtoto anacheza, anaandika na anakula kama kawaida, na jambo lenyewe husahaulika. Miaka kumi au ishirini baadaye ndipo malalamiko yanapoanza: vidole vinakufa ganzi usiku wa manane, kalamu inaponyoka darasani, kikombe cha chai kinaanguka bila sababu.

Anapofika hospitalini, mgonjwa huyo aghalabu huambiwa kwamba alichonacho ni uvimbe wa mafuta, kwamba si saratani, na kwamba utatolewa na yeye kurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kwa wagonjwa walio wengi kauli hiyo ni sahihi kabisa. Uvimbe wa mafuta, ambao madaktari huuita lipoma, ni miongoni mwa uvimbe unaoonekana kwa wingi katika mwili wa binadamu, na kuutoa si kazi kubwa. Lakini wapo wachache ambao kwao kauli hiyo hiyo yaweza kuwagharimu hisia za vidole vitatu na nguvu za dole gumba maisha yao yote. Sababu ni kwamba kwao kinachoonekana kama uvimbe ni neva yenyewe, iliyotanuka kwa kujaa mafuta.

Hali hiyo kitaalamu huitwa lipomatosisi ya neva, jina lililotumiwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) katika mgawanyo wake wa uvimbe wa tishu laini wa mwaka 2002. Vitabu vingi vya upasuaji bado vinatumia jina la zamani, hamatoma ya mafuta na nyuzinyuzi. Hamatoma maana yake ni tishu za kawaida za mwili zilizoota kwa wingi na kwa mpangilio usiofaa mahali pake. Kwa hiyo si saratani, haisambai kwenda viungo vingine, na haiambukizi.

Kabla ya kuendelea, yafaa tulitazame neno moja ambalo huwasumbua wagonjwa na wauguzi kwa pamoja. Katika Kiswahili cha kila siku, "mshipa" ni mshipa wa damu, ni mshipa wa fahamu, ni kano inayovuta kidole, na kwa watu wengine ni ngiri. Mgonjwa anayesema "nimevimba mshipa wa mkono" anaweza kuwa anazungumzia chochote kati ya hivyo. Katika makala haya tunazungumzia mshipa wa fahamu, na ili kuepusha utata tutauita neva.

Neva iliyo njia panda

Neva moja ndiyo inayoathirika zaidi kuliko zote. Takriban wagonjwa wanane kati ya kumi walioripotiwa duniani wameathirika katika neva ya kati ya mkono, ile inayoshuka katikati ya mkono na kuingia kiganjani kupitia kifundo. Neva nyingine za mkono, na hata za mguu, huweza kupatwa lakini kwa nadra.

Neva ya kati ndiyo inayoleta hisia katika dole gumba, kidole cha shahada, kidole cha kati na nusu ya kidole cha pete. Ndiyo pia inayoamuru misuli iliyo chini ya dole gumba, ile inayotuwezesha kufunga kifungo, kushika sindano na kuhesabu noti. Kwenye kifundo neva hiyo hupita katika njia nyembamba mithili ya handaki. Sakafu na kuta za handaki hilo ni mifupa, na dari yake ni ukanda mgumu wa nyuzinyuzi. Humo ndani neva hubanana na kano 9 zinazokunja vidole, na nafasi ya ziada ni ndogo mno.

Neva yenye afya imeundwa kama kebo: nyuzi nyembamba zilizofungwa katika vifurushi, na vifurushi hivyo vikafunikwa kwa tando. Katika lipomatosisi, mafuta na nyuzinyuzi ngumu huota katikati ya vifurushi na kuvitenganisha. Neva inanenepa mara kadhaa ya unene wake wa kawaida. Mafuta yenyewe hayaiumi neva, na ndiyo maana mtoto hukaa miaka mingi bila kulalamika. Tatizo huanza neva iliyonenepa inapokosa nafasi katika lile handaki lisilotanuka.

Madaktari walianza kuiandika hali hii kwa mapana katikati ya karne iliyopita. Daktari Mason wa Marekani anatajwa kuwa wa kwanza kuieleza katika maandishi ya kitabibu, mwaka 1953. Mwaka 1985 wataalamu wa patholojia Silverman na Enzinger, pia wa Marekani, walichapisha uchambuzi wa wagonjwa 26, na kwa muda mrefu hilo lilikuwa miongoni mwa makundi makubwa zaidi yaliyowahi kukusanywa. Takwimu hiyo pekee yatosha kuonyesha jinsi hali ilivyo adimu: daktari bingwa wa upasuaji anaweza kufanya kazi miaka mingi akakutana na mgonjwa mmoja au asikutane na yeyote. Jambo lisiloonekana mara kwa mara ni rahisi kudhaniwa kuwa lile linaloonekana kila wiki.

Mafuta ya aina tatu

Hapa ndipo penye kiini cha suala lote. Mafuta yanayovimba kiganjani yanaweza kuwa katika hali tatu, na kila moja ina tiba yake.

Hali ya kwanza ni lipoma iliyo nje ya neva. Hii ni kama punje ya njegere katika ganda lake: ina utando unaoizunguka, na daktari akiufikia huiondoa yote. Inaweza kuibana neva kwa kuisukuma kutoka pembeni, lakini neva yenyewe ni salama, na ganzi hupungua baada ya upasuaji.

Hali ya pili ni lipoma iliyo ndani ya neva. Ni nadra kuliko ya kwanza, lakini nayo ina ganda. Vifurushi vya neva vinakuwa vimesukumwa pembeni, havikuchanganyika na mafuta. Daktari mwenye uzoefu, akitumia miwani ya kukuzia au hadubini ya upasuaji, anaweza kuufungua utando wa neva na kuutoa uvimbe bila kukata vifurushi.

Hali ya tatu ndiyo lipomatosisi. Hakuna ganda wala mpaka. Mafuta yamepenya baina ya vifurushi kama samli iliyokwishaingia katika ubwabwa. Hakuna awezaye kuichota samli hiyo akaacha kila punje ya wali mahali pake. Anayejaribu kuyatoa mafuta yote hulazimika kuzitoa na nyuzi za neva. Matokeo ya upasuaji wa namna hiyo yanajulikana katika maandishi ya kitabibu: vidole visivyohisi, misuli ya dole gumba iliyonywea, na mara nyingine maumivu mapya yasiyokuwepo awali. Nyuzi za neva zilizokatwa huweza kuota tena, lakini kwa wastani wa takriban milimita 1 tu kwa siku, na katika neva kubwa iliyoondolewa kipande kizima kazi yake hairudi kikamilifu, hasa kwa mtu mzima.

Baya zaidi ni kwamba kwa macho na kwa kidole hali zote tatu zinafanana. Zote ni laini, zote hazina maumivu mwanzoni, zote hukua polepole. Dalili chache huweza kumtahadharisha daktari. Uvimbe uliokuwepo tangu kuzaliwa au utotoni, ulio katika mstari wa neva ya kati, na hasa unaoambatana na kidole kikubwa kupita kiasi, unapaswa kudhaniwa kuwa lipomatosisi mpaka ithibitike vinginevyo. Wagonjwa wengi hujitokeza kabla ya kufikia umri wa miaka 30. Lipoma ya kawaida, kwa upande wake, huwapata zaidi watu wazima wa makamo.

Yapo na magonjwa mengine yanayoweza kuchanganya mambo. Uvimbe wenye majimaji unaotokea kwenye kifundo hupitisha mwanga wa tochi ukimulikwa gizani, jambo ambalo neva iliyonenepa haifanyi. Katika Afrika Mashariki liko pia suala la ukoma. Ukoma hunenepesha neva na kuleta ganzi, na ingawa wagonjwa wamepungua sana, wapya bado hugundulika. Mhudumu wa zahanati anayegusa neva nene kwa mgonjwa mwenye ganzi ana haki ya kuufikiria ukoma kwanza. Lakini ukoma aghalabu huacha mabaka ya ngozi yasiyohisi na mara nyingi hugusa neva zaidi ya moja, kwa mfano ile ya kwenye kiwiko au ya chini ya goti. Mgonjwa asiyekuwa na mabaka, mwenye uvimbe wa mkono mmoja tangu utotoni, anastahili kuchunguzwa kwa mtazamo mwingine.

Picha ijibu kabla ya kisu

Bahati njema ni kwamba lipomatosisi ya neva ni miongoni mwa hali chache ambazo picha pekee huweza kuzitambua kwa uhakika mkubwa. Kipimo cha MRI huonyesha mafuta yakiwa meupe, na ndani yake vifurushi vya neva vikiwa vyeusi na vyembamba. Picha ikichukuliwa kwa kukata mkono mlalo, neva huonekana kama waya mnene wa antena uliokatwa kwa kisu, wenye nyaya ndogo nyingi ndani. Ikichukuliwa kwa urefu, huonekana kama tambi zilizolala sambamba katika siagi. Wataalamu wa picha wanaoijua sura hiyo hawahitaji kuuliza mara mbili.

MRI, hata hivyo, ni ghali, na mashine zake ziko katika miji mikubwa. Ndiyo maana yafaa ijulikane kwamba altrasaundi, mashine ile ile inayotumika kwa wajawazito, huweza kutoa jibu linalokaribia hilo iwapo anayeitumia amezoea kutazama neva. Mafuta huonekana mang'avu, vifurushi vya neva huonekana vyeusi, na mchanganyiko wao huonekana waziwazi. Altrasaundi ina faida nyingine: mtaalamu anaweza kuifuata neva kutoka kiwikoni hadi kiganjani katika dakika chache na kuilinganisha na ya mkono wa pili. Picha ya eksirei haionyeshi neva, ila hufaa pale kidole kinapokuwa kikubwa, ili kujua kama mifupa nayo imeongezeka.

Je, kukata kipande kidogo cha uvimbe na kukipeleka maabara? Kwa uvimbe mwingi hiyo ndiyo njia ya kujihakikishia. Katika hali hii ni tofauti. Kipande kinachokatwa ni kipande cha neva. Picha ikiwa imeonyesha sura iliyoelezwa hapo juu, kukata kipande hakuongezi elimu yoyote, bali huongeza hatari. Kama shaka imebaki, uamuzi huo uachiwe daktari bingwa wa upasuaji wa mkono au wa neva, na si wa chumba cha upasuaji mdogo.

Kipimo cha kasi ya mawasiliano ya neva, kinachofanywa kwa umeme mdogo usiodhuru, hakielezi uvimbe ni wa aina gani. Kazi yake ni kueleza neva imeumia kiasi gani, na kwa hiyo kusaidia kuamua kama kuna haraka.

Tiba huanza kwa kuacha

Kwa mgonjwa asiyekuwa na ganzi wala udhaifu, tiba ni kuangaliwa. Huenda neno hili likawaudhi wengi, kwa kuwa mtu aliyesafiri kutwa nzima kwa basi na kulala kwenye benchi la hospitali hapendi kuambiwa arudi nyumbani na uvimbe wake. Lakini kuangaliwa si kupuuzwa. Daktari hupima hisia za vidole na nguvu za dole gumba, huziandika, na kumwita mgonjwa tena baada ya miezi kadhaa ili alinganishe.

Ganzi inapoanza kumwamsha mgonjwa usiku, kifaa cha kunyoosha kifundo kinachovaliwa wakati wa kulala huweza kuleta nafuu. Ganzi ikidumu, au misuli ya dole gumba ikianza kunywea, wakati wa upasuaji umefika. Na hapa msomaji aelewe vizuri upasuaji huo ni upi. Daktari haondoi uvimbe. Anachofanya ni kuukata ule ukanda mgumu ulio dari ya handaki, ili neva iliyonenepa ipate nafasi. Neva inaachwa kama ilivyo, na mafuta yake yanabaki. Ni upasuaji ule ule unaofanyiwa watu wengi wenye ganzi ya mkono isiyohusiana na mafuta, isipokuwa mkato huwa mrefu zaidi ili daktari aione neva yote iliyovimba.

Wagonjwa wengi hupata nafuu ya maumivu na ganzi. Uvimbe, hata hivyo, unabaki ukionekana, na mgonjwa asiyeelezwa jambo hilo mapema hudhani kwamba daktari ameshindwa kazi. Kutokana na dhana hiyo baadhi huenda kwa daktari wa pili wakitaka "uliosahauliwa" utolewe. Isitoshe, kwa kuwa mafuta yanaweza kuendelea kuota, dalili huweza kurudi baada ya miaka, na mgonjwa hapaswi kufutwa katika daftari la kliniki.

Kidole kilichozidi ukubwa

Kwa takriban theluthi moja ya wagonjwa, na katika baadhi ya ripoti zaidi ya hapo, neva iliyojaa mafuta huambatana na kukua kupita kiasi kwa kidole au vidole inavyovihudumia. Mifupa, ngozi na mafuta vyote huongezeka. Daktari Barsky, katika maandishi yake ya mwaka 1967, alitofautisha aina mbili: kidole kinachokua kwa uwiano ule ule na vidole vingine, na kile kinachokua kwa kasi kuvizidi.

Tiba ya vidole hivyo ina subira na hesabu. Mojawapo ya mbinu ni kusimamisha ukuaji wa mfupa kwa kuiharibu kwa makusudi sehemu yake inayokua. Ili kujua wakati ufaao, kidole cha mtoto hupimwa kwa kulinganishwa na cha mzazi wake wa jinsia moja: kikifikia urefu wa kidole cha baba au mama, ndipo ukuaji husimamishwa. Mbinu nyingine ni kupunguza mafuta na ngozi kwa awamu, upande mmoja wa kidole kwanza na mwingine baadaye, ili damu isikatike. Kidole kikiwa kikubwa mno, kigumu na kisicho na kazi, kukiondoa kabisa huweza kuurudishia mkono uwezo wake. Huo ni uamuzi mzito ambao familia yapaswa kuufikia bila kuharakishwa.

Watoto hawa hudhihakiwa shuleni, na mama zao huulizwa walikula nini au walimkosea nani wakati wa ujauzito. Sayansi imelijibu swali hilo. Mwaka 2013 watafiti walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba katika vidole vikubwa vya namna hii kuna mabadiliko ya jeni iitwayo PIK3CA, jeni inayosimamia ukuaji wa seli. Mabadiliko hayo hayapatikani mwili mzima. Hutokea kwa bahati katika seli moja baada ya mimba kutungwa, na tishu zitokanazo na seli hiyo pekee ndizo zinazoathirika. Kwa hiyo mtoto hakuyarithi kwa mama wala kwa baba, na kwa kawaida wadogo zake hawamo hatarini.

Ugunduzi huo umefungua mlango wa dawa. Mwaka 2018 madaktari wa Ufaransa waliripoti kuwatibu wagonjwa 19 wenye magonjwa makali ya ukuaji yatokanayo na jeni hiyo kwa dawa iitwayo alpelisib, iliyotengenezwa awali kwa ajili ya saratani ya matiti. Aprili 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiidhinisha kwa wagonjwa wenye hali kali kuanzia umri wa miaka 2. Ni dawa ghali, ina madhara yake, ikiwemo kupandisha sukari katika damu, na haikukusudiwa kwa mtu mwenye uvimbe mdogo wa kiganjani. Kwa walio wengi, altrasaundi makini na daktari mwenye subira bado ni msaada ulio karibu zaidi.

Kuishi na mkono wenye ganzi

Wakati mgonjwa akisubiri, au kama hisia zimekwishapungua, hatari ya kila siku iko jikoni. Kidole kisichohisi hakijui kwamba mfuniko wa sufuria umepata moto, wala kwamba kaa la jiko la mkaa limekigusa. Vidonda vya moto vya namna hiyo huchelewa kuonekana. Tambara nene la kuepulia, kupima maji ya moto kwa mkono wenye afya, na kuvikagua vidole kila jioni kwa macho ni kinga isiyogharimu kitu. Aidha, kuchanja chale juu ya uvimbe au kuukanda kwa nguvu kwa matumaini ya kuuyeyusha hakupunguzi mafuta yaliyo ndani ya neva, na chale zaweza kuingiza vijidudu mahali ambapo hisia ni haba.

Nchini Tanzania, mgonjwa mwenye uvimbe wa namna hii hupewa rufaa kwenda kwa mabingwa wa mifupa na neva, kama wale wa Taasisi ya MOI iliyopo Muhimbili, Dar es Salaam, au wa hospitali za rufaa za kanda kama KCMC ya Moshi na Bugando ya Mwanza. Ni vyema kwenda na picha na karatasi zote za awali, hata zile zilizochakaa, kwa kuwa daktari atataka kujua uvimbe ulianza lini na ulikuwa na ukubwa gani. Na kabla ya kutia sahihi fomu ya kukubali upasuaji, mgonjwa au mzazi anaweza kumuuliza daktari kwa heshima swali hili: uvimbe huu uko nje ya neva, uko ndani yake, au ni neva yenyewe, na ni picha gani iliyoonyesha hivyo? Ikiwa picha bado haijapigwa, upasuaji wa uvimbe uliokaa mkononi miaka kumi unaweza kuisubiri wiki chache zaidi.